Mwandishi, Msemaji na Shahidi: Karatasi ya Sheria Matondoni na Ujio wa Akili Unde

Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Amu, upande wa pili kutoka mji mkongwe wa Lamu, na pwani nzima inakijua kijiji hiki kwa kazi mbili: kuunda vyombo vya baharini na kusuka miyaa. Fundi wa Matondoni huunda mashua au jahazi bila mchoro. Hulaza mkuku, akapandisha mataruma, akapigilia mbao, akatia kalafati, na vipimo vyote vimo katika jicho lake na katika mkono aliofundishwa na waliomtangulia. Wanawake nao husuka mikeka na majamvi kwa mitindo ambayo hakuna daftari lililoihifadhi. Naanza na kazi hizi kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo historia ya sheria katika visiwa vya Lamu imelisahau mara nyingi: maarifa yanaweza kuwa kamili, yakapimwa, yakakosolewa na kurithishwa, bila kuandikwa popote. Haki nazo zilikaa hivyo hivyo. Nani hulima wapi, mnazi wa nani umesimama katika shamba la nani, mkondo upi huvuliwa na watu gani kaskazi inapovuma, kisima kipi kimewekwa wakfu na kwa ajili ya nani, yote yalijulikana, yalibishaniwa na kuamuliwa. Kwa zaidi ya miaka mia sasa, kila chombo kipya cha sheria kilichofika huku kilikuja na ahadi ya kuziweka haki hizo wazi kwa maandishi, na kila kimoja kiliacha nje yale kisiyoweza kuyaandika, kisha kikayahesabu kuwa hayapo. Akili unde, ambayo sasa inaingia katika ofisi za mawakili na mahakama za Kenya, ndiyo chombo kipya zaidi katika safu hiyo. Hoja yangu ni kwamba faida yake kwa watu wa kijiji kama hiki inaweza kuwa kubwa kweli, lakini hatari yake haimo hasa katika uongo inaousema. Imo katika yale ambayo haikuwahi kusomeshwa, na ambayo itayajibu kana kwamba iliyasoma.

Isidhaniwe kwamba pwani ilikuwa nchi isiyojua kuandika. Hati za mauzo, za deni, za mahari na za wakfu ziliandikwa Lamu kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zamani sana kabla ya afisa wa kwanza wa Kiingereza kushuka bandarini. Uandishi huo ulikuwa na adabu yake. Aya ya 282 katika Sura al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inaagiza deni la muda liandikwe. Inataka mwandishi awe mwadilifu. Inataka anayetamka maneno ya kuandikwa awe yule anayedaiwa, yaani yule ambaye karatasi itamfunga, na akiwa hawezi basi msimamizi wake atamke kwa haki. Kisha inataka mashahidi. Mtu akiisoma kama mwanasheria ataona kwamba kazi imegawanywa kwa makusudi: anayeshika kalamu si mwenye haki, mwenye kubeba mzigo ndiye msemaji, na pembeni wapo watu wanaoweza kuitwa kesho waulizwe waliona nini. Katika fikihi ya Kishafii iliyofuatwa pwani, karatasi peke yake haikutosha kuwa ushahidi. Ilikuwa ukumbusho, na uzito wake ulitoka kwa watu waliosimama nyuma yake, ambao kadhi aliweza kuchunguza uadilifu wao. Utaratibu huu una kasoro zake, nami nitazirudia. Lakini unatupa kipimo cha kupimia kila kilichofuata, na kipimo hicho hakikukopwa kokote: nani ameandika, nani ametamka, nani anaweza kuulizwa.

Mwaka 1895 Uingereza ilichukua utawala wa ukanda wa maili kumi wa pwani kwa malipo ya pauni 17,000 kwa mwaka kwa Sultani wa Zanzibar, na Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza, akaahidi hadharani mjini Mombasa kwamba sheria ya Kiislamu haitaguswa. Kanuni za 1897 zikazitambua mahakama za kadhi, liwali na mudiri. Kwa nje ahadi ilionekana kutimizwa. Jambo kubwa lilikuja mwaka 1908, kwa Sheria ya Hati za Ardhi. Kila aliyedai ardhi katika eneo lililotangazwa alitakiwa kupeleka madai yake kwa Msajili ndani ya muda uliowekwa. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Waliotunga sheria hii waliitetea kama marekebisho: wanunuzi na wakopeshaji walitaka kujua ardhi ni ya nani, nao wenye ardhi wangepata cheti kisichopingika. Sioni sababu ya kuamini kwamba makarani wake wote walikuwa wadhalimu. Tujiulize tu ni mtu wa namna gani hushindwa na utaratibu wa aina hii. Ni aliyekuwa safarini tangazo lilipotoka. Ni mwenye minazi asiye na udongo, kwa kuwa kwa desturi ya pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, ilhali sheria ya Kiingereza huona mti kama sehemu ya ardhi. Ni jamaa wanaolima konde kwa zamu na kuliacha lipumzike, hata likaonekana kwa mgeni kuwa pori. Kwa Msajili, hawa wote walikuwa kitu kimoja: kimya. Na kimya chao kilikuwa na matokeo ya kisheria.

Tangu hapo mpango huo umejirudia kwa majina tofauti. Mwaka 1932 tangazo la serikali liliifanya mikoko yote ya Kenya kuwa hifadhi ya serikali, mikoko ileile inayompa fundi wa Lamu mataruma na kumpa mjenzi boriti. Tangu hapo anayekata ni mwenye kibali, au ni mkosaji. Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu waliguswa pamoja na wapasua mbao wa milimani, ingawa misitu yao na njia zao za kuvuna hazifanani hata kidogo. Barua za Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, zilipoukabidhi ukanda wa pwani kwa Kenya huru, ziliahidi kulinda mahakama za kadhi na pia hati za ardhi za pwani zilizokwisha kusajiliwa. Zilizosajiliwa. Aliyekuwa nje ya daftari mwaka 1908 alibaki nje mwaka 1963, safari hii kwa ridhaa ya serikali mbili. Na kama kuna anayedhani daftari ni chombo kisicho na upande, akumbuke tangazo la Julai 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipobatilisha umiliki wa ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Wenyeji walioishi katika kaunti hiyo kwa karne nyingi bila hati waliwashuhudia wageni wakipata hati kwa muda mfupi. Karatasi humfikia haraka anayejua mlango wa ofisi.

Upande wa pili wa historia hii haujulikani sana, nao unagusa akili unde moja kwa moja. Makadhi wa pwani walisoma Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, pamoja na sherehe zake, mbele ya walimu waliowauliza maswali. Majaji wa Kiingereza waliokaa juu yao katika ngazi ya rufaa hawakukisoma kwa Kiarabu. Walichokuwa nacho ni tafsiri ya Kiingereza ya E. C. Howard, iliyotoka London mwaka 1914, na Howard hakutafsiri kutoka Kiarabu: alitafsiri kutoka Kifaransa cha Mholanzi L. W. C. van den Berg, kilichochapishwa Batavia kuanzia mwaka 1882. Haki ya mjane au ya mrithi wa pwani yetu ingeweza kupimwa kwa kitabu kilichokwisha kupita lugha mbili na mikono ya watu wawili ambao hawakuitwa kamwe kuulizwa neno. Halafu yakaja mambo ya wakfu wa jamaa, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya watoto na wajukuu, na mwisho wake masikini. Kwa Mashafii wakfu huo ni halali. Lakini mwaka 1894 Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya himaya, iliamua katika kesi ya Bengal, Abul Fata, kwamba wakfu wa namna hiyo ni batili. Waislamu wa India walilalamika hata sheria ikatungwa mwaka 1913 kuufuta uamuzi huo kwao. Huku Kenya haukufutwa wakati huo. Katika kesi ya Bakhshuwen kutoka Kenya, Privy Council ilishikilia kwamba mahakama za huku zinafungwa na Abul Fata, hata kama vitabu vya Kishafii vinasema vingine. Ilibidi itungwe sheria, na Kenya ikaitunga mwaka 1951, ya kuutambua wakfu wa jamaa.

Nimekaa na kesi ya Bakhshuwen kwa sababu kosa lake ndilo hasa kosa tunalopaswa kuliogopa leo. Hakuna aliyedanganya. Abul Fata ilikuwa kesi ya kweli, ya mahakama ya kweli, iliyonukuliwa sawasawa. Ilitoka tu mahali pengine, kwa watu wa madhehebu mengine, na huko ilikotoka ilikuwa imekwisha kukataliwa. Ilishinda kwa kuwa ilikuwa imeandikwa, kwa Kiingereza, katika juzuu ambazo majaji walizifungua kila siku, wakati elimu ya makadhi wa Mombasa na Lamu ilikuwa katika vichwa na katika vitabu ambavyo mahakama ya juu haikuweza kuvisoma.

Programu za akili unde zinazojibu maswali ya sheria hujengwa kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, zikajifunza ni maneno gani hufuata mengine, kisha zikatoa jibu linaloelekea kufanana na majibu zilizokwisha kuyaona. Zile zilizotengenezwa mahsusi kwa mawakili huongezewa hazina ya kesi za kutafutia. Habari zinazotangazwa zaidi ni za kesi za kubuni. Juni 2023, mjini New York, Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuleta mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ilionya mawakili kwa ukali baada ya kukuta, katika shauri moja, kwamba kesi 18 kati ya 45 zilizotajwa hazikuwapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu za kulipia za utafiti wa sheria wakakuta zinakosea au kubuni kwa kiasi cha kati ya asilimia 17 na 33. Makosa haya ni mabaya, lakini yana dawa: kesi ya kubuni hukamatwa na yeyote atakayekwenda kuitafuta. Dawa ya Abul Fata iko wapi? Mtu wa Matondoni akiuliza kuhusu minazi ya babu yake, programu huenda isibuni chochote. Itamjibu kwa sheria za ardhi za Kenya kama zilivyochapishwa, kwa hukumu nyingi za Nairobi na za bara, na kwa Kiingereza kingi cha nchi nyingine kilichojaa ndani yake, ambamo mti ni wa mwenye udongo. Kila kipande kitakuwa cha kweli. Jibu zima litakuwa si la kwake, na hakuna atakapokwenda kutafuta kosa.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaotaka chombo hiki kifungiwe mlango, na sababu zangu zinatoka Lamu yenyewe. Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni kwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Jumuiya ya Save Lamu na wenzao walikwenda mbele ya Baraza la Rufaa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kiini cha shauri hilo kilikuwa kusoma. Ripoti ya athari za mazingira ni lundo la kurasa za kitaalamu kwa Kiingereza, na mvuvi anayetakiwa kutoa maoni yake anapewa siku chache na kikao kimoja. Programu inayoweza kulipitia lundo hilo kwa usiku mmoja, ikaeleza kwa Kiswahili ukurasa upi unazungumzia maji ya moto yatakayomwagwa baharini na upi unazungumzia majivu, ingebadilisha kikao hicho. Hata ikikosea mahali, wananchi wangeingia na maswali mikononi. Hivyo hivyo kwa bandari mpya ya Lamu. Ujenzi wa LAPSSET, mradi ambao bandari hiyo ni sehemu yake, ulizinduliwa Machi 2012, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikakubali malalamiko ya Mohamed Ali Baadi na wenzake kwamba haki zao za utamaduni, za mazingira safi na za kupata habari zilikiukwa, ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Ushindi huo ulihitaji miaka sita, mawakili waliojitolea, na jumuiya zilizojua kukusanya ushahidi. Vijiji vingi vyenye haki kama hiyo havina kimoja kati ya hivyo vitatu.

Lakini ushindi uleule unaonyesha pia mpaka wa mashine. Kulipa wavuvi 4,600 maana yake ni kuandika majina 4,600, na hapo swali la mwaka 1908 linarudi: nani yumo daftarini? Mwenye mashua na leseni ataonekana kwa urahisi. Mwanamke anayekusanya kombe na kaa maji yanapokupwa, kijana anayevua kwa msimu na kuranda mbao msimu mwingine, mzee aliyempa mwanawe chombo, hawa huhitaji mtu wa kusema habari zao na mwingine wa kuzithibitisha. Kuchambua orodha iliyopo ni kazi ambayo programu itaifanya vizuri, hata kugundua majina yaliyorudiwa. Kujua kwamba orodha ina pengo ni kazi nyingine kabisa, na huijua tu aliyekaa pwani hiyo.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni zito: mtu asiye na wakili hana cha kupoteza. Mawakili wa Kenya wamejaa Nairobi na Mombasa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ipo, ila msaada wenyewe haujafika kila gati. Jibu lenye kasoro, wanasema, ni bora kuliko kukosa jibu. Nalikubali kwa barua, fomu, muhtasari, na kwa kujua mlango upi wa kubisha. Silikubali kwa maswali ya haki yenyewe, kwa kuwa asiye na jibu huendelea kuuliza. Huenda kwa kadhi, kwa wazee, kwa chifu, kwa ofisi ya ardhi. Aliyeambiwa kwa lugha fasaha kwamba sheria haimtambui huenda akarudi nyumbani akanyamaza. Katika historia niliyoieleza, kunyamaza ndiko kulikopoteza ardhi nyingi. Kwa hiyo programu itakayowahudumia watu wa visiwani lazima iwe na uwezo wa kusema kwamba jambo hili halimo katika ilichosomeshwa, na kumwelekeza mtu kwa anayelijua. Huo si upungufu wa kuonea haya. Mwanachuoni wa kweli amefundishwa kusema hivyo tangu zamani.

Pingamizi la pili linageuza kipimo changu dhidi yangu. Kumbukumbu za wazee nazo zina udhalimu wake. Lamu ilikuwa jamii ya matabaka. Utumwa katika ukanda wa pwani haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1907, na wazao wa waliokuwa watumwa hawakuitwa siku zote kuwa mashahidi wa mashamba waliyoyalima. Wanawake pia. Basi kwa nini tuitukuze kauli ya mdomo? Siitukuzi. Lakini ushahidi kuhusu wanawake unaelekea kwingine kuliko wengi wanavyodhani. Susan Hirsch, aliyezisoma kesi za kadhi za Malindi na Mombasa katika kitabu chake cha mwaka 1998, alikuta kwamba walalamikaji wengi walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda, ingawa walikuwa wakivunja desturi ya kusitiri siri za nyumba kwa kuzisimulia mbele ya kadhi. Kusimulia ndiko kulikowapa nguvu. Mwanamke alianza na mambo ambayo fomu isingeyauliza, na katika maelezo hayo kadhi akakuta kosa la mume ambalo halikuwa na jina la kisheria hadi hapo. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 169 na 170, imeziacha kwa makadhi ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaokubali kwenda kwao. Mahakama hizo zikianza kupokea malalamiko kupitia programu inayoyafupisha simulizi kuwa madai ya mistari mitatu, itakachokitupa kama ziada huenda ndicho kesi yenyewe. Dawa ya kumbukumbu zenye upendeleo ni kuongeza wasemaji, na hapo akili unde ingeweza kusaidia kwa kurekodi na kuandika lahaja za Kiamu na Kibajuni kama zinavyosemwa, badala ya kuzisafisha ziwe Kiswahili cha vitabuni.

Wapo wanaosema haya yote ni ya muda. Programu zinaongezewa Kiswahili kila mwaka, na hukumu za Kenya ziko wazi bure kwa yeyote kupitia tovuti ya Kenya Law. Ni kweli, na uwazi huo ni neema ambayo nchi nyingi hazina. Hata hivyo ukiongeza ukubwa wa hazina hubadilishi kilichomo ndani yake. Hukumu zilizochapishwa ni za migogoro iliyofika mahakamani na kuandikwa kwa Kiingereza; migogoro iliyosuluhishwa kibarazani baada ya sala ya alasiri haimo, ingawa Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zihimize njia hizo za jadi. Njia ya kuitajirisha hazina ni ngumu zaidi na ya polepole. Ni kuzisoma rejista za makadhi na hati za familia zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo unyevu na mchwa wanazimaliza, na hapa mashine za kutambua mwandiko zinaweza kufanya kazi ambayo wataalamu wachache waliobaki wasingeimaliza maishani mwao. Ndiyo ahadi ya akili unde ninayoitamani kuliko zote. Ila hati hizo ni za watu. Zina majina ya waliodaiwa, walioachwa, waliokuwa mali ya wengine. Zikichukuliwa picha na taasisi ya mbali na kuingizwa katika programu ya kuuzwa kabla wenyewe hawajaulizwa, tutakuwa tumempata mwandishi hodari kupita wote na kumfukuza msemaji nyumbani kwake.

Haya si ya kesho. Tangu Machi 2024 mahakama za Kenya zinapokea kesi kwa njia ya mtandao nchi nzima, na mkakati wa taifa wa akili unde wa 2025 hadi 2030 umekwisha kuzinduliwa. Kinga iliyopo ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutohukumiwa kwa uamuzi uliotokana na mashine peke yake pale unapogusa haki zake za kisheria. Kinga hiyo ina tundu, nalo liko katika maneno "peke yake". Afisa wa ardhi, karani wa fidia au msaidizi wa hakimu akisoma pendekezo la programu na kutia saini chini yake bila kulichunguza, uamuzi umekwisha kuwa wa binadamu machoni pa sheria, ingawa hakuna binadamu aliyeamua. Bunge na Idara ya Mahakama wanaweza kuliziba tundu hilo kwa kanuni fupi. Programu ikitumika katika jambo la ardhi, fidia, leseni au mirathi, anayetia saini aandike kwa Kiswahili ni nyaraka zipi alizisoma mwenyewe, ni nani aliyemsikiliza, programu ilipendekeza nini, na kwa nini alikubaliana nayo au aliikataa. Maelezo hayo yabandikwe kijijini pamoja na uamuzi, kwa jina la mtu anayeweza kuitwa na kuulizwa, na siku za kukata rufaa zisianze kuhesabiwa kabla hayajabandikwa.